Gemu Zilizotamba Kabla ya Kuzaliwa

Katika mabanda ya gemu ya Mwanga na Ujiji, gemu ya mpira ndiyo inayolipa kodi ya chumba. Yeyote aliyewahi kusimama mlangoni mwa banda jioni, wanafunzi wakiwa wameshatoka shule, anajua kwamba karibu kila televisheni itakuwa inaonyesha mpira, na labda moja ya pembeni ndiyo itakuwa na kitu kingine. Nimekuwa nikijiuliza kwa nini gemu zilizopigiwa debe dunia nzima, zilizogharimu mamilioni ya dola na kusubiriwa kwa miaka, hufika hapa Kigoma, zikashangiliwa kwa wiki chache, kisha zikarudishwa kabatini, ilhali gemu ya mpira yenye majina ya wachezaji waliokwisha kustaafu bado inagombewa hadi watu wanapangiana zamu.

Jibu ninaloliona ni kwamba kinachotangazwa na kinachochezwa ni vitu viwili tofauti. Kinachotangazwa ni wazo, na wazo hutosha kabisa kuonekana katika trela, yaani video ya kuinadi gemu, ya dakika tatu. Kinachochezwa ni tendo dogo ambalo vidole hulirudia maelfu ya mara: kupiga pasi, kuruka, kulenga, kuchimba, kuendesha. Studio inaweza kutengeneza trela ya kusisimua sana kabla haijajua tendo hilo ni lipi, na hapo ndipo msiba huanzia. Mteja wa banda, ambaye analipia muda na fedha yake inakwisha huku akiitazama saa, hulifikia tendo hilo upesi kuliko mhakiki wa gazeti. Sidai kwamba hukumu yake ni kamili, kwa kuwa zipo gemu nzuri za hadithi ndefu zinazohitaji saa arobaini na utulivu wa nyumbani, na banda lenye kelele haliwezi kuzitendea haki. Hata hivyo, kwa suala la tendo, sijaona jaji anayemzidi.

Mfano wenye mafunzo mengi kuliko yote ni No Man's Sky, kazi ya Hello Games, studio ndogo ya Guildford nchini Uingereza. Gemu hiyo ilitangazwa Desemba 2013, ikapewa jukwaa la Sony katika maonyesho ya gemu ya E3 mwaka 2014, na ikatoka Agosti 2016. Kilichobaki vichwani mwa watu ni idadi ya sayari zake, ambazo ni zaidi ya kwintilioni 18, yaani 18 ikifuatwa na sifuri kumi na nane. Idadi hiyo haikuwa uongo. Hakuna mtu aliyeketi kuzichora sayari hizo moja moja, wala hazikuhifadhiwa kwenye diski. Kila sayari ina namba yake, na mchezaji anapoikaribia, kanuni za kihesabu huichukua namba hiyo na kuizalishia milima, rangi ya anga, mimea na wanyama papo hapo. Akiondoka, sayari hufutwa kwenye kumbukumbu ya mashine. Akirudi, namba ileile huzaa sayari ileile. Kwa kuwa namba zenyewe zina tarakimu 64 za kikompyuta, ambazo kila moja ni 0 au 1, hesabu ya sayari zinazowezekana ni 2 iliyozidishwa kwa yenyewe hadi kutimia mara 64, na ndipo zinapopatikana zile kwintilioni. Kama kazi ya kihandisi, mimi naivulia kofia hadi leo.

Lakini idadi hujibu swali la ngapi, na mchezaji aliyeshika pedi ya kuchezea hana swali hilo. Alichopewa kufanya ni kuvunja mawe ili apate madini, kujaza mafuta ya chombo, kupanga vitu katika mkoba unaojaa haraka, kuruka hadi sayari nyingine, kisha kuanza kuvunja mawe tena. Baada ya sayari kadhaa jicho lake lilianza kutambua vipande: mnyama huyu ana kichwa cha yule wa jana na miguu ya yule wa juzi, na bonde hili lina mawe ya bonde lile, isipokuwa yamepakwa rangi ya zambarau. Fundi cherehani mwenye vitenge hamsini, mikono ya aina sita na kola za aina nne anaweza kushona magauni zaidi ya elfu moja yasiyofanana hata mawili, na bado akina mama watakaokutana harusini watatambua kwa mtazamo mmoja kwamba wote wametoka kwa fundi yuleyule. Kanuni za No Man's Sky zilikuwa fundi huyo, na vitenge vyake vilichorwa na timu ya watu wachache sana.

Kuna na suala la maneno. Sean Murray, kiongozi wa studio hiyo, aliulizwa mara nyingi katika mahojiano kama wachezaji wataweza kukutana, na majibu yake yaliacha mlango wazi: inawezekana, ila ulimwengu ni mkubwa mno kiasi kwamba itatokea kwa nadra. Siku ya kwanza kabisa wachezaji wawili walipanga kukutana, wakafika sayari moja, wakasimama mahali pamoja, na hakuna aliyemwona mwenzake. Watu walikasirika, na walikuwa na haki. Ninavyoliona mimi, hii ni timu ya watu wapatao kumi na tano iliyowekewa kipaza sauti mbele ya mamilioni, na kila walipotamka labda, waliosikiliza waliandika ndiyo. Mamlaka inayosimamia matangazo nchini Uingereza ilipokea malalamiko kuhusu namna gemu hiyo ilivyotangazwa dukani, ikachunguza, na mwishoni mwa mwaka 2016 ikaamua kwamba hakuna kanuni iliyovunjwa. Hilo nalo linatuonyesha kwamba mtu anaweza kuvunjika moyo sana bila kuwepo kosa ambalo sheria inaweza kulishika.

Mtengenezaji wa gemu Mwingereza, Peter Molyneux, alikuwa ameipita njia hiyo miaka mingi kabla. Alipokuwa akiinadi Fable, iliyotoka mwaka 2004, alieleza jinsi mbegu ya mwaloni itakavyoota na kuwa mti kadiri shujaa wa hadithi anavyokua. Gemu ilitoka, ikapendwa, ikauzwa vizuri, na mti haukuwamo, hata ikabidi aombe radhi kwa maandishi. Wanaoikumbuka Fable leo huikumbuka kwa wema, ila mti ule bado unatajwa.

Anthem ya mwaka 2019 ni tofauti, kwa sababu haikutengenezwa na watu wachache. BioWare, studio ya Kanada yenye jina kubwa katika gemu za hadithi, ilikuwa na fedha za kampuni ya Electronic Arts na miaka mingi ya maandalizi. Mwaka 2017, kwenye E3, ilionyesha kipande kizuri mno: mtu ndani ya vazi la chuma anaruka kutoka ukingoni mwa ukuta, anapiga mbizi angani, anapita chini ya maporomoko ya maji, anatua msituni. Uchunguzi wa mwandishi Jason Schreier uliochapishwa mwaka 2019 baada ya gemu kutoka, akiwa amezungumza na watu wengi waliokuwa ndani, ulieleza kwamba jina la Anthem lenyewe lilipatikana siku chache tu kabla ya onyesho hilo, kwa kuwa jina la awali, Beyond, lilikuwa gumu kulisajili, na fulana zenye jina hilo zilikuwa zimeshachapishwa. Zaidi ya hapo, baadhi ya watengenezaji walisema kwamba ni kupitia onyesho hilo ndipo na wao walipoelewa gemu wanayoitengeneza ni ya namna gani. Kuruka kwenyewe, tendo ambalo kila mtu alilisifu, kulikuwa kumewekwa na kuondolewa mara kadhaa, kukarudishwa na kubaki baada ya kumfurahisha mkubwa mmoja wa kampuni.

Mtu asiyejua kazi hizi anaweza kudhani kwamba kipande cha maonyesho hukatwa kutoka kwenye gemu, kama mtu anavyokata kipande cha filamu iliyokwisha kupigwa. Mara nyingi sivyo. Ni kazi inayojitegemea, hutengenezwa kwa ajili ya siku ile, kila mlango ambao mchezaji hatapita huwa umechorwa tu, na mashine inayoiendesha huwa ni kompyuta yenye nguvu kuliko ile iliyopo sebuleni kwa mnunuzi. Miezi inayotumika kuking'arisha kipande hicho ni miezi iliyotolewa kwenye gemu yenyewe. Kwa Anthem kulikuwa pia na shida ya injini. Frostbite, programu ambayo gemu ilijengwa juu yake, ilitengenezwa na studio ya Sweden kwa ajili ya gemu za vita za kufyatua risasi, na mambo ambayo gemu ya BioWare inayahitaji kila siku, kama vile kutunza mizigo ya mhusika, studio ililazimika kuyajenga yenyewe. Mchezaji wa kawaida hakujua lolote kati ya hayo. Aliona tu kwamba anaruka vizuri, anatua, anapiga maadui walewale, anatazama skrini ya kusubiri kwa muda mrefu, kisha anaruka tena. Baadaye ulikuwepo mpango wa kuijenga gemu hiyo upya, nao ulifutwa Februari 2021.

Kuna pia gemu zinazoharibiwa na kutamani kila kipya kinachotokea njiani. Duke Nukem Forever ilitangazwa mwaka 1997 na ikatoka Juni 2011. Katikati injini ilibadilishwa, kazi ikatupwa na kuanzwa upya, kwa sababu kila mara jirani alikuwa ametoa kitu kinachong'aa zaidi. Ilipofika mikononi, utani wake na ubunifu wake vilikuwa vya zama nyingine.

Na mara nyingine tatizo ni dogo hadi linachekesha. Aliens: Colonial Marines ilitoka mwaka 2013 ikiwa mbali kabisa na ilivyoonyeshwa kabla, na wachezaji walilalamika kwamba majitu yake ya kutisha yanakimbia hovyo bila akili. Miaka kadhaa baadaye wapenzi wa gemu hiyo, wakipekuapekua mafaili yake, waligundua kwamba katika mstari mmoja wa mipangilio neno la Kiingereza tether lilikuwa limeandikwa teather, na kwamba ukiiondoa herufi hiyo moja ya ziada, majitu yanaanza kuvizia na kuzunguka vizuri zaidi. Gemu haikugeuka kuwa nzuri kwa hilo, sharti niseme, maana kasoro zake zilikuwa nyingi. Lakini kosa hilo lilipita chini ya macho ya kila mtu aliyelipwa kuikagua, huku fedha za kuitangaza zikipatikana.

Nimeiacha kwa makusudi Cyberpunk 2077 hadi sasa, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyotugusa hapa mjini. CD Projekt Red ya Poland iliitangaza mwaka 2012, ikamleta mwigizaji wa filamu Keanu Reeves jukwaani mwaka 2019, na katika mwaka 2020 ikaiahirisha kutoka Aprili hadi Septemba, kutoka Septemba hadi Novemba, na kutoka Novemba hadi Desemba 10. Maagizo ya awali yalizidi milioni nane, maana yake ni kwamba watu milioni nane walikuwa wameshaamua kuinunua kabla ya mtu yeyote wa nje kuicheza kikamilifu. Wahakiki walipewa nakala ya kompyuta peke yake kabla ya siku ya kutoka; ile ya PS4 na Xbox One, mashine ambazo wengi walikuwa nazo, haikuonyeshwa. Ilipotoka, sababu ilijulikana mara moja. Wiki moja baadaye Sony iliiondoa kwenye duka lake la mtandaoni na kuanza kurudisha fedha, jambo ambalo kwa gemu ya ukubwa huo halikuwa la kawaida hata kidogo. Haikurudi dukani humo hadi Juni 2021.

Diski zilizotumika zilifika Kigoma baadaye, zikiwa zimetumwa kwa basi kutoka Dar es Salaam. Toleo la PS4 lina diski mbili, moja ya kupakia na nyingine ya kuchezea, na katika banda moja la Mwanga vijana walisubiri upakiaji huo kwa uvumilivu ambao nadhani walimu wao hawajawahi kuuona. Kisha gemu ikaanza. Magari yalijitokeza barabarani yakiwa maumbo matupu, milango na vioo vikafuata baadaye. Mtu aliyekuwa akizungumza na mchezaji alikuwa na uso uliolainika kama sabuni, kisha ngozi na ndevu zikamjia katikati ya sentensi. Picha ikaganda, ikaendelea, ikaganda tena, na mwishowe mashine ikaitupa gemu nje kabisa na kurudi kwenye ukurasa wa mwanzo.

“Kaka, hii mbona inaganda?” aliuliza kijana mmoja, akiwa tayari ameshalipia muda wake.

“Inataka sasisho,” mwenye banda akajibu. “Ni makumi ya gigabaiti. Bando lake ni nani atalipa, wewe?”

Swali hilo, lililoulizwa kwa hasira ya kibiashara, kwangu ndilo kiini cha mambo. Katika miji yenye intaneti ya waya nyumbani, kampuni inaposema itarekebisha baadaye, inamwomba mnunuzi subira. Kwa sisi tunaonunua intaneti kwa kupima, ahadi hiyohiyo ni ankara ya pili, na inaweza kukaribia bei ya diski yenyewe. Kwa hiyo gemu iliyochapishwa kwenye diski ndiyo gemu tuliyonayo. Mtengenezaji wa zamani, ambaye kaseti yake ikishatoka kiwandani haikuwa na namna ya kurekebishwa, alilazimika kuiogopa siku ya kutoka. Wa leo anaweza kuisogelea akijua kwamba kuna siku nyingine nyuma yake, na mabosi wake wanajua hivyo pia, ndiyo maana tarehe hushinda hata pale mafundi wanapotikisa vichwa. Januari 2021 mmoja wa waanzilishi wa CD Projekt, Marcin Iwiński, alijitokeza kwenye video na kukiri kwamba kazi ya kuifanya gemu iende kwenye mashine za zamani ilikuwa kubwa kuliko walivyokadiria. Nilimheshimu kwa kusema hadharani. Hata hivyo, makadirio hayo yalifanywa na watu waliokuwa na mashine hizo mezani kwao kwa miaka yote hiyo.

Sitaki nionekane kuwatwisha watengenezaji mzigo wote. Kungoja ni starehe, na ni starehe ya bei nafuu. Nawajua vijana wa Gungu na Katubuka ambao hununua bando la usiku ili watazame trela za gemu ambazo hakuna mashine mjini hapa inayoweza kuziendesha, na kesho yake hubishana kuhusu ramani, silaha na magari kwa ufundi wa mawakili. Gemu ikiwa bado haijatoka, kila mmoja huwa na yake kichwani, na hiyo ya kichwani haigandi. Hakuna studio inayoweza kushindana nayo. Trela ya kwanza ya GTA VI ilitoka Desemba 2023, gemu imeahirishwa zaidi ya mara moja, na mashine zilizotajwa ni PS5 na Xbox Series tu, lakini ukipita Mwanga utadhani baadhi ya watu wameshaimaliza. Mimi kila inapoahirishwa hufurahi, na nimeshaitwa adui wa maendeleo kwa ajili hiyo.

Mwaka uleule wa No Man's Sky, mwezi Februari 2016, ilitoka Stardew Valley, gemu ya shamba iliyotengenezwa na Mmarekani mmoja, Eric Barone, peke yake, kwa miaka ipatayo minne: michoro, muziki, maandishi na kila kitu. Hakuahidi ulimwengu. Kuna shamba, kuna kijiji, unamwagilia mimea, unavua samaki, unalala. Tendo la kumwagilia lilifanyiwa kazi hadi likapendeza, na baada ya hapo vingine vilijengwa juu yake. Kwa haki, shamba linahitaji kidogo kuliko anga la nyota, na kama kila mtu angeahidi shamba tu, tusingepata kitu kipya. Nawataka watu wenye ndoto za nyota waendelee kuwepo. Ninachowaomba ni kwamba wakitupeleka angani, wawe wameshajua tutafanya nini tukifika.

Siku hizi hadithi inayopendwa zaidi ni ya kufufuka. No Man's Sky imeongezewa mambo bure mwaka baada ya mwaka. Sasisho la Julai 2018 lililoitwa NEXT ndilo lililowawezesha wachezaji kuonana barabara, na leo gemu hiyo inasifiwa na watu walioilaani. Cyberpunk 2077 nayo ilipata sasisho kubwa la 2.0 na nyongeza ya Phantom Liberty mnamo Septemba 2023, na wahakiki wakasema kwamba hatimaye hii ndiyo gemu iliyoahidiwa. Ninakubaliana nao kwa niliyoyaona kwa rafiki mwenye kompyuta nzuri. Ila 2.0 haikuletwa kwenye PS4 wala Xbox One. Kwa mashine hizo masasisho makubwa yaliishia mwaka 2022, kwa hiyo ufufuo ulifanyika katika nyumba ambayo mabanda yetu hayakualikwa, na diski zile mbili, hata ukizilisha bando lote zinalolitaka, haziwezi kuifikia gemu inayosifiwa leo.

Mwenye banda yule sasa hanunui diski kabla ya kuijaribu palepale kwa muuzaji, kwenye PS4 ya kawaida iliyozimwa intaneti, akiwa na kijana mmoja wa banda anayeshika pedi huku yeye mwenyewe akiwa amesimama nyuma na kutazama mikono ya kijana badala ya skrini. Muuzaji alinuna mwanzoni. Siku hizi anapoona wawili hao wanavuka barabara, huwasha televisheni mwenyewe na kuwasogezea kiti.